Dirisha la Mpishi

9 Februari

Shemeji,

“Meli usiiguse. Ipakie vile vile kaka alivyoiacha, uniletee kwa posta. Kazi ya marehemu haimaliziwi na mtu mwingine.” Ndivyo ulivyoniandikia, na neno usiiguse ukalipigia mstari mara mbili, kana kwamba unamwandikia mtoto anayechezea kiberiti.

Nitakujibu. Ila salamu kwanza, maana hasira haijawahi kuwa ruhusa ya kukosa adabu. Hujambo huko? Mkeo hajambo? Na wanangu wawili, bado wanarefuka au baridi imewadumaza? Kifua chako je? Mimi mzima. Miguu inavimba jioni, mdomo hauvimbi. Gazeti bado linanipa ukurasa wangu wa Jumamosi na wasomaji bado wananitukana kwa jina langu kamili, kwa hiyo elewa kwamba afya ni njema.

Haya, tugombane.

Unasema kazi ya marehemu haimaliziwi na mtu mwingine. Sheria hiyo ilipitishwa na nani? Kaka yako aliacha ukuta wa nyuma umepakwa rangi nusu. Niuache hivyo hivyo, majirani wadhani rangi imetushinda? Aliacha kazini meno bandia ya chini ya mzee mmoja yakiwa bado kwenye plasta. Fundi mwenzake akayamalizia, na mzee yule sasa anatafuna nyama na kusema watu. Kwa hoja yako, angebaki kibogoyo kwa heshima ya marehemu. Na mimi je? Kaka yako aliniacha mimi pia, na sijakamilika. Nitiwe kwenye boksi nisiguswe?

Meli nusu si kumbukumbu, shemeji. Ni kitu cha kufutiwa vumbi.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijawahi kukuambia, kwa sababu kwa simu mimi na wewe tunaishia kunyamaza. Boksi lako lilipofika, yeye alikuwa ameshaanza kuchoka. Nililifungua mimi. Nikaona meli ya vita ya zamani, ya matanga, milingoti mitatu, mizinga safu mbili, yote vipande vya plastiki ya kijivu vimeshikana kama mifupa ya dagaa. Nikasema, “Mtu mgonjwa, na mdogo wake anamtumia kitu cha kuchezea!” Yeye alichukua karatasi ya maelekezo, akaisoma mara moja, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa meza unaoyumba. Kisha akaleta vifaa vyake vya kutengenezea meno bandia, akaanza kuisahihisha meli.

Ndiyo, kuisahihisha. Ngazi za plastiki zilizo nene kama vidole akazikata, akafuma za uzi. Mapambo ya nyuma akayachonga upya kwa keekee ile ndogo iliyowahi kutoboa meno bandia ya nusu ya mji huu. Nilimwambia meli kama hizi ndizo zilizokwenda kupora nchi za watu, na yeye anazitia nakshi. Akanijibu, “Mke wangu, hilo liandike gazetini. Mimi hapa natafuta msasa.”

Madaktari walimpa dawa. Wewe ulimpa sababu ya kuamka asubuhi. Kwa mwaka mzima alikuwa anaamka kabla yangu, anajinyoa, anakaa mezani kama mtu mwenye kazi. Nakushukuru, na nitakushukuru mpaka nichoke, na mimi sichoki upesi.

Lakini meli naimalizia mimi.

Shemeji yako

*

3 Machi

Shemeji mwenye kalamu ya moto,

Salamu zako zimefika pamoja na fimbo zake. Sisi hatujambo. Wanao wanarefuka, suruali za mkubwa anavaa mdogo kabla hazijachakaa. Kifua kinanisumbua asubuhi tu. Hospitali inakula kama kawaida na mimi napika kama kawaida, uji wa wagonjwa, supu ya wagonjwa, na chakula cha madaktari ambao ndio wasumbufu kuliko wagonjwa. Na miguu yako? Iweke juu ya kiti ukiandika. Najua hutaiweka.

Shemeji, nani anakuweza kwa maneno? Kaka alikuwa akiniandikia, “Nimeshindwa tena leo, na bado nina haki.” Lakini na mimi nina hoja moja, nisikilize.

Mkono wa mtu una alama yake. Hapa jikoni, nikionja supu, najua nani kaikoroga. Ukiweka mkono wako kwenye ile meli, nitaitazama na sitajua kaka anaishia wapi na wewe unaanzia wapi. Mimi sikupata hata kushika udongo wa kaburi lake. Vibali vyangu vya kuishi huku ugenini havikuwa vimetoka, unajua, na ningeondoka nisingerudi. Wewe ulimlisha, ulimwogesha, ulimshika mkono mpaka ukapoa. Kwa hilo sina neno la shukrani linalotosha. Umepata vyote, shemeji, na ni haki yako. Mimi naomba plastiki tu.

Na gundi hairudi nyuma. Ukikosea, umekosea moja kwa moja.

Basi kama ni lazima uiguse, niambie kabla hujagusa.

Shemeji yako

*

28 Machi

Shemeji,

“Gundi hairudi nyuma.” Ni kweli. Wino nao hautoki, na mimi nimeishi nao miaka yote hii. Hujambo? Kifua? Watoto? Miguu nimeiweka juu ya kiti, angalau kwa aya hii moja.

Hoja yako ya mkono nimeipokea. Nimeiweka mezani nikaizunguka siku kadhaa nikitafuta pa kuipiga. Sijapata. Usizoee.

Lakini si hilo linalonifanya niandike leo. Uliniambia nikwambie kabla sijagusa. Nimegusa kidogo tu, na nilichokiona lazima ukijue.

Meli ina sitaha mbili, sakafu moja chini na nyingine juu. Ya chini kaka yako aliigandisha, akaipanga mizinga kila mmoja kwenye dirisha lake. Ya juu aliiweka tu, hakuitia gundi. Juzi mchana niliinyanyua ili nifute vumbi ndani. Kule mbele, karibu na omo, nikaona jiko. Halimo kwenye maelekezo. Nimeyatoa chini ya mguu wa meza nikayasoma yote, na sasa meza inayumba. Amelitengeneza kwa kifuniko cha kalamu, kalamu yangu, ile niliyoitafuta nyumba nzima nikamlaumu paka wa jirani. Lina bomba la moshi la waya mnene. Lina sufuria mbili ndogo kama punje za dengu.

Na kando ya jiko amesimama mtu.

Amemfinyanga kwa ile dawa ya waridi ya fizi bandia. Amempaka aproni nyeupe. Ana kitambi, shemeji. Ana sikio la kushoto lililosimama kuliko la kulia. Nikaketi chini. Katika meli nzima ya watu mia kadhaa, kaka yako hakumtengeneza kapteni, wala askari, wala mpiga mizinga. Katengeneza mtu mmoja tu, na mtu huyo ni wewe.

Kuna kasoro mbili. Ya kwanza, mpishi amelipa jiko mgongo, anatazama ukuta. Nadhani mkono ulishaanza kutetemeka akambandika vibaya. Ya pili, dirisha lililo mbele yako halina mzinga. Mzinga mmoja umepotea. Nimepekua chini ya kabati, nimefagia chumba kizima, sijauona.

Sasa shida ni hii. Nikiitia gundi sitaha ya juu, umefunikwa. Hakuna atakayekuona tena mpaka plastiki ioze, na plastiki haiozi. Nisipoitia gundi, milingoti haisimami, na meli haitakwisha kamwe.

Kibano nimekiweka chini. Nifanyeje? Nakuuliza, na mimi siulizi watu.

Shemeji yako

*

20 Mei

Shemeji,

Hamjambo? Nauliza kwa sababu sijui. Barua yangu ya Machi haijajibiwa. Kama ni posta, nitawaandika Jumamosi mpaka wajute kuzaliwa. Kama ni kifua, mwambie mkeo anipigie. Kama ni hasira, itoe. Mimi natukanwa kila wiki na watu ninaowapenda kidogo kuliko wewe.

Sitaha sijaigusa. Nimefanya yale yasiyoihitaji. Matanga ya kwenye boksi yalikuwa ya plastiki, magumu kama sahani, nikayatupa. Nimekata mapya kutoka leso za mfukoni za kaka yako, zile alizopiga chafya ndani yake kila alipofungua kopo la rangi. Nimezifua, nimezitia wanga, nimezikausha juu ya bakuli ili zivimbe kama zimejaa upepo. Meli ya vita inayokwenda kwa nguvu za mafua! Angecheka mpaka akohoe.

Bendera ya kwenye boksi sikuitaka. Sipandishi bendera ya mfalme yeyote ndani ya nyumba yangu. Nimekata moja kutoka nta yake ya kazini, ile nyembamba ya waridi. Unaitia kwenye maji ya moto, inalegea, unaikunja mawimbi, inaganda hivyo. Kwa hiyo meli hii ni ya taifa la Fizi, na halijawahi kumtawala mtu.

Nimesimamisha mlingoti mmoja kwa muda, bila gundi, na nakutumia picha. Jibu.

Shemeji yako anayesubiri, jambo asilolizoea

*

11 Juni

Shemeji wangu mpendwa,

Nisamehe. Sote wazima. Kifua ni kizima. Posta haina kosa, waache watu wa watu.

Barua yako ya Machi niliisomea stoo, kati ya magunia ya viazi. Msaidizi wangu akaja akauliza, “Mkuu, vitunguu?” Nikamwambia ndiyo, vitunguu, nikaendelea kulia. Tangu siku hiyo kila nikishika kalamu naona lile sikio. Wewe ndiye wa kwanza kuliandika. Kaka alinitania nalo tangu utotoni. Akisema nikivuka barabara upepo utanigeuza.

Nikujibu swali lako. Funga sitaha. Nimefikiri sana. Mpishi ndivyo alivyo, shemeji. Wanaokula hawamwoni. Jiko letu hapa liko chini kabisa ya jengo, halina dirisha hata moja. Naingia asubuhi, natoka, ndipo najua kama mvua ilinyesha. Kaka aliniuliza siku moja kwenye barua, “Huko unakopikia unaona nje?” Nikamjibu hapana, naona ukuta wa vigae. Hakuandika tena juu ya hilo. Nilidhani amesahau. Basi nifunike. Nimezoea, na sasa nijue tu kwamba nimo.

La pili. Vibali vyangu vimetoka, tangu Aprili. Vya wote wanne. Naweza kuja na kurudi ninavyotaka. Nimevitia kwenye droo na sijamwambia mtu huko nyumbani, hata wewe. Shemeji, nitakuja kwenye mlango upi? Kila nilipokuja zamani ni yeye aliyefungua, na kabla hajanisalimu alinishika sikio. Nikibisha sasa itakuwaje? Ndiyo maana nilitaka meli ije kwangu. Niliona ni rahisi yeye kuja kuliko mimi kwenda.

Nimeshalisema. Unaweza kuniandika Jumamosi.

La tatu, dogo. Picha nimeipenda mno. Matanga yanatisha kwa uzuri. Lakini bendera yako, mama wa taifa la Fizi, imekosewa. Umeipeperusha kwenda nyuma. Mimi si baharia, ila moshi naujua. Tanga likivimbia mbele, maana yake upepo unatoka nyuma. Upepo huo huo ndio unaopeperusha bendera na moshi wa jiko langu. Vyote vinakwenda mbele. Bendera yako inapingana na tanga lake lenyewe, na hata wewe hujawahi kubishana na shati ulilovaa.

Shemeji yako

*

2 Julai

Shemeji,

Nakusalimu wewe, mkeo na wanangu. Barua hii isome mezani, kwa sauti, wote mkiwepo. Usiruke mahali.

Nianze na bendera, niitoe njiani. Niliingia nikiwa na hoja kamili: bendera zote nilizoziona maishani zinapepea kwenda nyuma. Kisha nikajiuliza nimeziona wapi. Kwenye magari ya wakubwa! Miaka yote nimewapinga, na bado wamenifundisha bendera inavyokwenda. Gari linaukata upepo. Meli inasukumwa nao. Nimechemsha maji, nimeilegeza nta, nimeigeuza. Umeshinda. Iwekeni tarehe hii mahali pa usalama.

Sasa unasema nikufunike, kwa sababu wanaokula hawamwoni mpishi. Nakataa, na safari hii nina shahidi.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika pale kaka yako alipokuuliza kama unaona nje, nikaiweka chini, nikaenda mezani, nikainyanyua sitaha ya juu. Nikamtazama mpishi upya. Amelipa jiko mgongo. Mbele yake ni lile dirisha la mzinga ambalo halina mzinga.

Shemeji, hakuna mzinga uliopotea. Niliupata baadaye kwenye kopo la mabaki, ameutupa yeye mwenyewe pamoja na zile ngazi nene. Mkono wake haukutetemeka. Ulipomwambia huna dirisha, hakuwa na la kukuandikia, akaenda akakupa. Katika meli ya vita aling'oa mzinga ili mdogo wake atazame nje. Hakuwa amefika kwenye kubandika vifuniko vya madirisha, basi. Siku ziliisha kwanza. Na mimi na fagio langu nikamwona mgonjwa aliyekosea.

Nilimpiga vita mtu huyu mwaka mzima juu ya hii meli, na alinijibu kwa kutafuta msasa. Leo nimesoma jibu lake. Ni bora kuliko makala yoyote niliyowahi kuandika, na hakuna mhariri aliyelipunguza.

Basi nimeimaliza. Nimetia gundi sitaha ya juu. Vifuniko vya madirisha ya mizinga nimevibandika, vyote nimevifunga, kila kimoja, mizinga inyamaze. Chako peke yake nimekiacha wazi. Nimesimamisha milingoti mitatu na nimefunga kamba. Na ile hofu yako ya kutojua nani kafanya nini iache: mafundo ya kaka yako ni kama mbegu za ufuta, yangu ni kama maharage. Hutapotea.

Kisha, kwa sababu nakuheshimu, niliibeba mikononi mpaka posta, nikitembea kama bibi harusi. Nilitaka kukutumia, sikufichi. Kijana wa dirishani akaitazama.

“Mama, hii haiingii kwenye boksi lolote tulilonalo.”

“Tafuta kubwa.”

“Si ukubwa, mama. Hizi nyuzi. Ikifika itakuwa vipande vitupu. Labda uvunje milingoti, aliyeko huko ataunganisha.”

“Wewe ukisafiri, huwa unavunja miguu?”

Foleni yote ikacheka, na yeye akacheka. Kisha akaiinamia, akafumba jicho moja. “Kuna mtu humu ndani!” akasema. “Anachungulia nje!” Wakaja wote, mmoja mmoja, wakainama. Mama mmoja aliyeleta vifurushi alikaa pale muda mrefu, akauliza, “Ni nani huyu?” Nikamwambia ni mdogo wake mume wangu, ni mpishi. Akasema, “Mbona amefurahi hivi?”

Sikuwa nimeona kwamba umefurahi. Niliporudi nyumbani nikaangalia. Ni kweli.

Nilijaribu kukupigia picha. Haitoki. Ukiweka taa, inatoka plastiki. Ukiondoa taa, linatoka giza. Ni jicho tu linaloweza, tena asubuhi, jua likiingia upande wa meza, na lazima mtu ainame mwenyewe.

Nakushukuru kwa boksi lile. Nakushukuru kwa kunikatalia, maana usingenikatalia nisingekuandikia juu ya mpishi, na mpishi angebaki kwangu ni kosa la mkono. Namshukuru mume wangu, ambaye ukarimu wake ulinipita mbele ya pua kila asubuhi nikidhani anacheza.

Unauliza utakuja kwenye mlango upi. Nyumba hii ina mlango mmoja, shemeji, na anayeufungua siku hizi ni mimi. Sikio sitakushika, lile ni lake. Nitakugombeza kuanzia kizingitini, kama nilivyozoea, na utajua umefika.

Kwa hiyo sasa nasema na ninyi wanne. Wewe mke wa shemeji yangu, fungua ile droo, toa vile vibali, viweke mezani mbele yake sasa hivi kabla barua hii haijakunjwa. Ninyi wanangu wawili ambao nimewaona kwenye picha tu, msimwache baba yenu alale leo mpaka aseme siku. Akisema “tutaona”, mwambieni mama mkubwa hakubali neno hilo. Na wewe mpishi, vua aproni, omba likizo, panda ndege. Meli haisafiri. Njoo uiname uone.

Shemeji yako, na mama yenu mkubwa